Kisu cha Kukunja Kisifunguke Mfukoni: Mwongozo Kamili wa Kukipima, Kukirekebisha na Kukibeba

Malalamiko ni yaleyale: "Nimekaza skrubu mpaka mwisho, na bado nimekuta bapa limechungulia mfukoni." Anayesema hivyo si mzembe. Amefanya kile ambacho karibu kila mtu hukifanya, na bahati mbaya ndicho kisichosaidia.

Kisu kuwa kigumu kufungua si sawa na kisu kukaa kimefungwa. Kinachokulinda ni nguvu inayolivuta bapa lirudi ndani linapoanza kutoka. Nguvu hiyo ikikosekana, skrubu uliyoikaza leo italegea kwa mtikisiko wa kutembea, na bapa litatoka vilevile. Kazi yetu yote hapa ni kuitafuta nguvu hiyo, kuona kama ipo, na kuirudisha kama imepungua.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ukirekebisha kabla ya kupima, hutajua kilichokuwa kibovu ni nini.

## Vifaa vya kuandaa

- Tochi ndogo yenye mwanga mkali
- Glovu nene, za ngozi au za kuzuia kukatwa
- Blanketi au taulo nene la kutandika mezani
- Vijiti vya meno vya mbao na pamba za masikio
- Spiriti ya kusafishia
- Mafuta mepesi ya mashine. Kama kisu kinakata chakula, tumia mafuta ya madini yanayoruhusiwa kugusa chakula
- Bisibisi zenye ncha ya nyota ya pembe sita. Saizi zinazokutwa zaidi kwenye visu hivi ni T6, T8 na T10. Nunua zilizo imara, maana ncha laini huharibu kichwa cha skrubu na baada ya hapo hakuna atakayeifungua kwa urahisi
- Gundi ya kufungia skrubu, ya nguvu ya kati, ile ya rangi ya buluu
- Kitambaa cha pamba kilichochakaa

Gundi nyekundu iache dukani. Ikishakauka haitoki mpaka uipashe moto mkali, na joto hilo linaweza kuharibu mpini, na hata ugumu wa chuma cha bapa.

## Hatua ya 1: Jua kisu chako kinashikwa na nini

Fungua kisu, kimulike kwa tochi pale bapa linapoingia kwenye mpini, kisha lifunge na kulifungua polepole huku ukitazama. Utakuta mojawapo ya hizi.

Springi ya mgongoni isiyo na loki. Ni visu vya mfukoni vya mtindo wa zamani. Ubao wa chuma ulio mgongoni mwa mpini hubana kitako cha bapa. Unapofunga, kuna mahali bapa linajivuta lenyewe na kugonga ndani: "tap!"

Springi ya mgongoni yenye loki. Inafanana na hiyo, ila unabonyeza mgongo wa mpini ili kufunga. Springi ileile inayofunga loki ndiyo inayolibana bapa likiwa ndani.

Gololi na kitundu. Ndiyo iliyomo kwenye visu vingi vya kisasa, vile ambavyo ubao wa pembeni, au upande mzima wa mpini, husogea kulizuia bapa likiwa wazi. Kwenye ubao huo kuna kigololi, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Kisu kikifungwa, kinadumbukia kwenye kitundu kilichotobolewa kwenye kitako cha bapa. Malalamiko mengi yanahusu visu hivi, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu zaidi.

Kipini kinachokatiza mpini, au kitufe. Kipini kinasukumwa na springi mbili nyembamba, moja kila upande. Kitufe kina springi yake chini.

Pete inayozunguka. Mfano unaojulikana ni Opinel wa Ufaransa. Pete yake ya kufungia ilianza kuwekwa mwaka 1955 ili kuzuia bapa lililo wazi, na tangu mwaka 2000 inazuia hata bapa lililofungwa. Kama pete yako haizungukii upande wa kufunga, bapa linashikwa na msuguano tu, na mbao ya mpini hubadilika unene kadiri ya unyevu.

Kuna aina moja ya kuangalia kwa uangalifu wa pekee: kisu chenye springi ya kusaidia kufungua. Springi yake hulivuta bapa ndani mpaka lifike pembe fulani, halafu inageuka na kulirusha nje. Kikianza kufunguka mfukoni, springi inamalizia kazi. Kama kina swichi ya usalama, itumie kila mara. Kama hakina, mimi singeshauri kibebwe mfukoni bila ala.

*Umefaulu:* unaweza kunyoosha kidole na kusema, "Hiki ndicho kinacholishika bapa."

## Hatua ya 2: Pima kabla ya kugusa skrubu yoyote

Vaa glovu. Tandika blanketi. Hakikisha hakuna mtu wala mtoto karibu.

Kipimo cha kurudi. Shika mpini kwa pembeni, bapa likiwa limefungwa. Kwa ukucha, inua bapa kidogo sana, milimita moja au mbili kwenye ncha, halafu liachie. Linatakiwa lirudi lenyewe na kugonga ndani. Likibaki pale ulipoliachia, hakuna nguvu ya kulirudisha. Kwenye visu vya springi ya mgongoni unaweza kuinua zaidi na bado likarudi. Kwenye vya gololi eneo la kurudi ni jembamba.

Nikueleze kwa nini kipimo hiki nakiamini kuliko vingine vyote. Gololi iliyowekwa vizuri haikai katikati kabisa ya kitundu. Inaegemea ukingo mmoja, na kwa kuegemea huko inalisukuma bapa liendelee kuingia ndani hata baada ya kufika mwisho. Hicho ndicho kivutio unachokisikia. Fundi akitoboa kitundu mahali pasipo sahihi, gololi inatulia katikati, na bapa lililofungwa linabaki likicheza juu na chini. Kisu cha namna hiyo kinaweza kuwa kipya kabisa, kinang'aa, na bado si salama mfukoni.

Kipimo cha kutikisa. Geuza kisu ili upande bapa linapotokea uangalie chini, kisha tikisa, kwanza polepole, halafu kwa nguvu kama mtu anayekung'uta maji mkononi. Bapa lisitoke.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya bila kujua. Ukishika kisu cha gololi huku kidole chako kimekaa juu ya ubao wa loki, unaikandamiza gololi kwenye kitundu, na kisu kitaonekana imara kuliko kilivyo. Mfukoni hakuna kidole cha kukusaidia. Shika upande wa pili na kingo za mpini tu, ubao wa loki uwe huru.

*Onyo:* vidole vyote viwe nje ya njia ya bapa. Likitoka, liache lianguke juu ya blanketi. Usijaribu kulidaka kwa hali yoyote.

Kipimo cha kitambaa. Kisu kikiwa kimefungwa, kipitishe kile kitambaa kikuukuu kwa urefu wa mpini, pande zote. Uzi ukivutika, tafuta ulipokwama. Mara nyingi ni ncha ya bapa inayochomoza juu ya mpini, hasa kwenye kisu kilichonolewa miaka mingi, au ni kipini cha gumba cha kufungulia. Chochote kinachonasa kitambaa hapa mezani kitanasa mfukoni.

Kipimo cha kucheza. Fungua kisu, shika bapa kwa mgongo wake, lisukume kushoto na kulia. Likitikisika, bawaba imelegea.

*Umefaulu:* bapa linajirudisha, halitoki kwa kutikiswa, halinasi kitambaa, na halichezi. Kisu chako kikipita vipimo vyote vinne, usikifungue skrubu hata moja. Nenda moja kwa moja Hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Safisha kwanza

Kisu cha mfukoni hukusanya nyuzi za nguo, vumbi na mafuta yaliyoganda. Kitundu cha gololi kikijaa uchafu, gololi haiingii kina chake, nayo sehemu ya nguvu ya kushika inapotea. Kwenye springi ya mgongoni, tope la vumbi na mafuta huizuia springi isirudi chini kikamilifu.

1. Fungua kisu na loki ikamate. Mulika kitako cha bapa. Utaona mstari wa upinde uliochorwa na gololi ikisafiri; fuata mstari huo, na karibu na mwisho wake kuna kitundu. Kama kimejificha, lirudishe bapa polepole hadi kijitokeze, vidole vikiwa mbali na makali.
2. Zungusha ncha ya kijiti cha meno ndani ya kitundu. Usitumie sindano wala msumari. Chuma kigumu kinaweza kukwaruza ukingo wa kitundu, na ukingo huo ndio unaofanya kazi.
3. Lowanisha pamba ya masikio kwa spiriti, safisha kitundu, mstari, na gololi yenyewe. Badilisha pamba mpaka itoke nyeupe.
4. Ondoa nyuzi ndani ya mpini kwa kijiti. Kwenye kisu cha springi ya mgongoni, zingatia sana pembe ya mwisho, springi inapokutana na kitako.
5. Acha ikauke. Weka tone moja la mafuta kwenye bawaba, kila upande, na upake kiasi cha kuonekana tu kwenye mstari wa gololi. Fungua na kufunga kisu, kisha futa yaliyozidi.

*Onyo:* usiloweke kisu chenye mpini wa mbao, pembe au mfupa. Na usimwage mafuta mengi kwa kufikiri ndiyo ulinzi; mafuta ya ziada ni gundi ya vumbi.

Ukiwa hapo, itazame gololi yenyewe. Mstari mwembamba unaong'aa kwenye kitako ni wa kawaida. Mfereji mpana unaoweza kuuhisi kwa ukucha, au gololi iliyobonyea na kuwa bapa upande mmoja, ni dalili ya kuchakaa. Hilo halirekebishwi kwa kusafisha.

*Umefaulu:* rudia kipimo cha kurudi. Usishangae kama tatizo limekwisha.

## Hatua ya 4: Weka bawaba sawa

Sababu ya bawaba kuingia kwenye habari hii ni moja. Bapa lililolegea husogea pembeni, na likisogea mbali na gololi, gololi inaingia kidogo tu kwenye kitundu. Kwa hiyo bawaba iliyolegea hupunguza nguvu ya kushika. Lakini kuikaza kupita kiasi hakuiongezi nguvu hiyo. Kunaongeza msuguano, kunakula washa zilizo kati ya bapa na mpini, na kunakuficha ukweli: bapa linaonekana limeshikwa, kumbe limebanwa tu.

1. Funga kisu. Chomeka bisibisi sahihi kwenye skrubu ya bawaba, isimame wima kabisa, na ijae kwenye kichwa. Kama upande wa pili nao una kichwa, weka bisibisi ya pili huko, kwa sababu baadhi ya bawaba huzunguka nzima.
2. Legeza robo mzunguko ili uanze upya. Kama imegoma, huenda ina gundi ya kiwandani. Pasha kichwa chake kwa ncha ya pasi ya kulehemu kwa sekunde chache, halafu jaribu tena. Usilazimishe.
3. Kaza kidogokidogo, sehemu ya nane ya mzunguko kila mara. Baada ya kila hatua fungua kisu, angalia kama bapa bado linacheza, angalia kama linasogea kwa ulaini.
4. Simama pale kucheza kunapokwisha na bapa bado linasogea kwa uhuru. Hapo ndipo.
5. Tazama bapa lililofungwa kwa juu. Lipite katikati ya mpini, au angalau lisiguse ubao wowote.

Sasa ihifadhi. Toa skrubu, safisha nyuzi zake, yaani mistari inayoizunguka, kwa spiriti, ziache zikauke, weka tone dogo la gundi ya buluu kwenye nyuzi tu, rudisha skrubu mahali ulipopapata. Gundi ikichuruzika kwenye washa, bapa litagoma. Kiache kisu saa 24 kabla ya kukibeba. Kabla ya hapo gundi bado haijashika kikamilifu.

Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu za kibanio, kile kinachokishikiza kisu kwenye mdomo wa mfuko. Kibanio kilicholegea hufanya kisu kihame kutoka mahali ulipokiweka mfukoni, na utaona mbele kwa nini hilo ni hatari.

*Kwa kisu chenye riveti badala ya skrubu:* hatua hii haikuhusu. Usigonge riveti kwa nyundo. Ni rahisi kuibana na vigumu mno kuilegeza.

*Umefaulu:* bapa halichezi, linasogea laini, na bado linajirudisha ndani.

## Hatua ya 5: Kama bado bapa halirudi

Hapa njia zinagawanyika.

Kisu cha gololi. Huenda ubao wa loki umelegea na hausukumi gololi kwa nguvu ya kutosha. Wenye uzoefu hukifungua kisu, wakatoa bapa, wakaukunja ubao kuelekea ndani kwa kiasi kidogo sana, wakaunga tena na kupima. Inawezekana, nami nimeiona ikifaulu, lakini nitasema wazi: ukizidisha, loki itasogea kupita mahali pake bapa likiwa wazi au itakuwa ngumu kuifungua, na watengenezaji wengi wataifuta dhamana. Kama hujawahi kufungua kisu na kukiunga, mpe fundi wa visu au kirudishe kwa mtengenezaji.

Kama tatizo ni kitundu kilichotobolewa pabaya, hakuna kukunja kutakakosaidia. Usikitoboe upya kwa drili; chuma cha bapa ni kigumu na kitundu kikipanuka ndiyo mwisho wake.

Kisu cha springi ya mgongoni. Mulika springi kwa urefu wake wote utafute ufa au kutu iliyochimba. Springi iliyochoka au iliyopasuka hubadilishwa na fundi, si kukunjwa nyumbani.

Kisu cha kipini. Vuta kipini polepole ukisikiliza mkono. Kikirudi kwa ulegevu, au kikienda upande, springi moja kati ya zile mbili imekatika. Kisu kitaendelea kufanya kazi kwa ile moja iliyobaki, ndiyo maana watu hawagundui. Usikibebe mpaka zote mbili ziwe nzima.

Kisu cha kitufe. Angalia kama kitufe kimechomoza juu ya mpini. Kilichochomoza hubonyezwa na ukingo wa simu au na paja lako unapokaa.

Kwa kisu kinachosubiri fundi ila lazima kisafiri nawe, kiviringishe pete ya mpira iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Ivutwe ikae katikati ya mpini, ilibane bapa ndani. Ni suluhisho la muda, lakini linashika kweli.

## Hatua ya 6: Kiweke mfukoni kwa mwelekeo sahihi

Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ina nguvu kuliko zote, kwa sababu hata kisu dhaifu kikiegemezwa vizuri kina nafasi ndogo ya kufunguka.

Shika kisu kilichofungwa utazame upande bapa linapotokea. Upande huo unatakiwa uegemee mshono wa nje wa mfuko, ule unaoshuka ubavuni mwa suruali. Sukuma kisu mpaka kona ya nyuma ya mfuko. Bapa likitaka kutoka, mshono unalizuia.

Kisu kinachokaa ncha juu (ncha ya bapa ikiangalia juu) kwenye mfuko wa kulia, kibanio kikiwa upande wake wa kawaida, mara nyingi huangukia mwelekeo huu chenyewe. Ila ukikihamishia mfuko wa kushoto bila kuhamisha kibanio, upande wa bapa unageukia ndani, kwenye kinena. Usifanye hivyo. Hamisha kibanio kwanza. Visu vingi vina matundu ya skrubu pande zote mbili. Kama chako hakina, kiache mfuko wa kulia.

Kisu kinachokaa ncha chini kina faida yake: bawaba iko juu, bapa linaning'inia, na uzito wake unalivuta lifungike. Kinachokaa ncha juu hakina msaada huo, na kikifunguka kidogo, ncha inaangalia mkono unaoingia. Ndiyo maana ncha juu inadai kipimo cha kurudi kipite bila shaka yoyote.

Mengine ni mafupi:

- Mfuko wa kisu uwe wa kisu peke yake. Ufunguo unaweza kuingia kati ya bapa na mpini na kulisukuma nje.
- Kisu chenye kidole cha kufungulia kinachochomoza mgongoni kisikae mahali utakapokikalia.
- Kisu kisicho na kibanio kikae kwenye kifuko cha ngozi au kitambaa kigumu, kisielee mfukoni.
- Ukienda kukimbia, kupanda, kuruka au kucheza na watoto, kitoe mfukoni ukiweke kwenye begi.

*Umefaulu:* tembea, kaa, inama, panda ngazi. Kisha papasa mfuko kwa nje. Kisu kiko kwenye kona ileile na hakuna kilichochomoza.

## Ukikuta kimefunguka

Zoea kuugusa mfuko kwa nje kabla ya kuingiza mkono. Ukihisi kitu kirefu kuliko kawaida, simama wima, usikae, usiinue goti. Panua mdomo wa mfuko kwa mkono mwingine uone makali yameelekea wapi. Shika mpini kupitia kitambaa kwa nje, ndipo ukitoe polepole ukikisukuma mbali na paja.

Kikiwa kimekukata pajani, usidharau. Mshipa mkubwa wa damu hupita sehemu ya ndani ya paja. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu, bila kuachia kila mara kuchungulia, na uite msaada wa dharura. Damu ikilowanisha kitambaa, ongeza kingine juu yake uendelee kukandamiza. Ikiwa bapa limezama mwilini, usilichomoe. Kandamiza pembeni mwake na uliache mpaka wahudumu wa afya wafike.

## Kurudia vipimo

Rudia kipimo cha kurudi na cha kutikisa kila unapokinoa kisu, na kila kinapoanguka chini. Anguko moja kwenye sakafu ngumu linaweza kupinda ubao wa loki kwa kiasi ambacho jicho halikioni, lakini bapa ukiliinua milimita moja na kuliachia, utajua papo hapo.